Kiwambo cha Taisto Kiiskinen

Kwa miaka mitatu Taisto Kiiskinen, fundi mstaafu wa kiwanda cha mbao huko Ilomantsi, mashariki mwa Ufini, alikuwa na kisingizio kizuri: masikio. Misumeno ilikuwa imemharibia, kila mtu alijua. Aliposema mlio wa bunduki unamchoma hadi kwenye meno, wenzake wa chama cha wawindaji walimwachia kazi ya kuongoza mbwa tu.

Ukweli alikuwa nao peke yake. Mara ya mwisho kufyatua risasi alimwangusha ndama wa hirvi, mnyama wa msituni wa jamii ya paa, mrefu kama farasi. Mama mtu akarudi. Akasimama pale, akimsukuma mwanawe kwa pua ainuke, na Taisto akashindwa kushuka kwenye dungu lake la kuwindia. Saa nzima alikaa kule juu, bunduki magotini, akitazama.

Alipotimiza miaka sitini na tano, wenzake wakamletea zawadi.

"Fungua, mzee, na usitulilie hapa," alisema Raili Mustonen, mama wa makamo aliyekuwa kiongozi wa msako.

Kilikuwa kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki. Taisto alizoea vile vya zamani, virefu kama chupa; hiki kilienea kiganjani.

"Mbona chepesi hivi? Kuna kitu humu ndani kweli?"

"Kuna masikio yako," Eino, jirani yake, akadakia. "Huna pa kujifichia tena. Jumamosi unarudi dunguni!"

Wakacheka. Taisto naye akacheka.

Kesho yake alikwenda kukijaribu kwenye uwanja wa shabaha, akiomba moyoni kiwe kibovu. Alikikaza mdomoni mwa mtutu. Bunduki haikulemea mbele wala haikurefuka kiasi cha kunasa matawi. Akafyatua. Mlio haukupotea, ila ulikuwa kama mtu amebamiza mlango wa gari kwa hasira. Bega halikuuma. Masikio hayakulia. Lakini alisikia kitu ambacho zamani mshindo ulikimeza: risasi ikigonga ubao kule mbali, *tap*, kavu kabisa. Akawaza ingegonga vipi ubavuni mwa mnyama. Alipiga mbili tu, akafunga virago.

Jumamosi akapanda dungu. Kabla ya saa nne redio ikakoroma.

"Taisto, wanakuja kwako. Jike na ndama," ilikuwa sauti ya Raili.

Walitokea kwenye mibetula, ile miti ya magome meupe, wakapita karibu kabisa chini yake. Alimweka ndama kwenye darubini. Kidole kikakataa. Wakapita.

"Umepiga? Siku hizi husikiki!" Raili akauliza redioni.

"Sijaona kitu," Taisto akajibu.

Robo saa baadaye Raili alifika na mbwa, akainama kwenye tope chini ya dungu. Nyayo zilijaa maji, mbichi kabisa. Akainua uso.

"Taisto. Hizi za nani?"

Hakuwa na pa kwenda. Ngazi ilikuwa moja, na Raili alikuwa amesimama chini yake.

"Niliwaona," akasema. "Siwezi tena, Raili. Si masikio. Ni tangu yule ndama wa miaka mitatu iliyopita."

Raili alimfunga mbwa kamba taratibu. "Na sisi tunakununulia vyuma! Si ungesema?"

"Ningeanzaje? Baba yangu ndiye aliyekijenga chama hiki."

"Shuka. Wenzako ukawaambie mwenyewe. Mimi sitadanganya kwa ajili yako."

Aliwaambia kwenye kibanda cha chama, mbele ya sufuria ya supu ya njegere. Hakuna aliyecheka. Eino alitazama bakuli lake, kisha akatoka nje kuvuta sigara, na hakurudi mpaka chakula kikapoa. Mwingine aliuliza, bila kumtazama, nani basi atakaa kwenye dungu lake la mashariki, maana watu hawatoshi.

"Tutaona," Raili akasema.

Msimu ule Taisto alipika. Alifika wa kwanza, akawasha jiko, akakatakata vitunguu. Wiki mbili Eino alipokea bakuli bila neno. Ya tatu akaionja supu, akakunja uso.

"Chumvi, mzee. Au nayo inakutia huruma?"

Taisto akamsogezea kopo la chumvi.