Kebo niliyochomoa katikati ya maongezi

Jamani, leo nilitaka kumliza mama wa watu!

Nilikuwa cyber moja ya Sydenham, naweka rapid spanning tree kwenye swichi ya mtandao, ili kebo moja ikikatika ingine ichukue kazi palepale.

Nikachomoa moja kujaribu. Nilifikiri cyber haina mtu.

Kumbe nyuma yangu mteja mmoja, Maman Furaha, iko kwenye video na mama yake wa Bukavu. Miaka sita hawajaonana!

Sura ya bibi ikaganda kwenye skrini.

"Mama!" Maman Furaha akaita kwa nguvu.

Sekunde mbili hivi, bibi akarudi, anaongea tu.

Nikainama kwenye kamera kuomba pardon. Bibi akaniangalia sana.

"Mwanangu, mbona umekonda? Unakula huko?"

Eish.

Nyinyi, nani aliwauliza hivyo mara ya mwisho?