Mdundo katika Laini ya Edelmira

Mumewe Custodio alipokufa, Edelmira Mansilla hakulia. Majirani walidhani atalia makaburini, kisha wakadhani atalia mvua za Juni zikianza, mwisho wakaacha kudhani. Aliendelea kupika shuleni, kumenya viazi na kukoka jiko lake la kuni. Akiulizwa hali, alijibu kwamba hajambo, na kweli hakuwa na la kuongeza. Ndani yake mlikuwa kama chumba kilichohamwa.

Jambo moja tu lilimsumbua, nalo lilikuwa mtandao. Binti yake Yasna hakuwa anasikia tangu alipougua homa ya uti wa mgongo utotoni, na sasa alikuwa Punta Arenas, mbali kusini, akifanya kazi katika kiwanda cha samaki. Kupigiana simu kusingewafaa. Matanga yalipokwisha, kabla ya kuondoka, Yasna alimwachia mama yake kompyuta kuukuu na kumfundisha kuiunganisha na laini ya simu kwa modemu. Ilipiga, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha barua zikaingia.

Ila Yasna alituma picha, na picha ikakataa kushuka. Kila ilipofika nusu, laini ilikatika, na barua zilizokuja nyuma yake zikakwama. Fundi wa kampuni ya simu alikuja, akainua mkonga wa simu, akaongea na mwenzake mjini, akasema laini ni nzima, akaenda zake.

Edelmira alimwuliza Fresia, mwalimu wa kompyuta pale shuleni. Fresia alimwambia aondoe simu ya pili chumbani, atupe waya mrefu wa simu uliopita nyuma ya jiko, na akwangue kutu ya kijani kwenye maungio ya nje. Kisha akamwonyesha jinsi ya kuipunguza modemu kasi.

"Iache iseme polepole," alisema, "kama unavyosema na Yasna anapokusoma midomo."

Edelmira alikwangua kutu kwa kisu cha Custodio. Mchakacho kama wa mvua uliokuwa ukijaa kwenye mkonga ukapungua, lakini chini yake ukabaki mdundo: tik, tik, tik, kama mtu anayegonga msumari bila haraka. Aliporudi kwa Fresia na habari hiyo, mwalimu akauliza ni nani kule kwao ana uzio wa umeme wa ng'ombe, maana umeme wake hudunda hivyohivyo.

Alikuwa Bautista Oyarzo. Ndiye aliyeshika msumeno wa injini siku mti wa ulmo ulipomwangukia Custodio na kumuua. Tangu mazishini hawakuwa wamesemeshana.

Jumamosi asubuhi Edelmira alivaa mabuti, akaufuata waya wa simu mlima mzima. Uzio ulipita chini yake sambamba, nyasi mbichi zimeukumbatia, na kishikizo kimoja cha plastiki, cha kuzuia umeme usiguse nguzo, kilikuwa kimepasuka, cheche zikirukia nguzo. Tik, tik. Akagonga mlango wa Bautista.

Mzee alimkaribisha jikoni, akamtilia chai ya mrija kwenye kibuyu. Edelmira akamweleza shida yake yote hadi mwisho, kwa sauti ileile ambayo angeombea chumvi.

"Sasa ng'ombe wako wanagonga ndani ya kompyuta yangu, jirani," alimalizia.

Bautista alitaka kucheka, ikashindikana.

"Nilidhani umekuja kwa lile jingine," alisema.

"Sikuja kwa hilo."

"Nilimpigia kelele asogee, Edelmira. Injini ilikuwa inanguruma. Hakunisikia."

Edelmira alitazama mvuke ukitoka kwenye birika. Alingoja hasira ije, au huruma, lolote. Hakukuja kitu. Alimaliza chai yake, akamrudishia kibuyu.

"Basi ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Chukua panga, twende."

Walifyeka nyasi pamoja kwenye mvua. Bautista akabadilisha kishikizo, kisha akauhamishia uzio wote upande wa pili wa shamba, kazi iliyomchukua hadi alasiri, na Edelmira akamshikia nguzo moja baada ya nyingine. 

Aliporudi nyumbani aliinua mkonga. Ulikuwa safi, bila mdundo. Akaiacha modemu ipige, akaketi kando ya jiko huku mabuti yakichuruzika maji sakafuni.

Picha ilishuka mstari kwa mstari: anga, nywele za Yasna zilizopeperushwa na upepo, macho, kidevu. Kisha yakaja mabega, na juu yake koti la sufu la Custodio, lile ambalo Edelmira aliamini limezikwa naye. Mikono ya koti ilikuwa imekunjwa mara mbili.

Edelmira alilitazama muda mrefu. Machozi hayakuja. Vidole tu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, akavikanda mpaka vikaweza kuandika. Alimwandikia Yasna kwamba picha imefika yote, kwamba koti linahitaji kifungo cha juu, na kwamba Bautista ndiye aliyesaidia. Kwenye jina hilo alisita kidogo. Hakulifuta. Akatuma, na laini haikukatika.