Baba Yangu wa Mrengo wa Kulia

Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, mapema miaka ya sabini, nilijifunza istilahi iliyoniridhisha kupita kiasi: mrengo wa kulia wa wastani. Humhusu mwanasiasa anayetaka desturi na mali viheshimiwe, lakini asiyeogopa mabadiliko, mradi yaje polepole. Niliona mhadhiri amemwelezea baba yangu bila kumjua. Baba alikuwa ameng'oa nusu ya migomba yake ili apande chai. Nusu nyingine aliiacha, akisema majani chai hayashibishi mtu.

Likizo ya mwaka huo aligombea uenyekiti wa kituo chetu cha kuuzia majani chai, karibu na Kebirigo. Aliutaka sana, wiki nzima alikuwa akizungukia majirani. Afisa aliyesimamia uchaguzi alitoka Pwani, kwa hiyo mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wetu tuliijua kupitia shule tu. Baba akaniomba nimsemee.

"Baba yangu," nilitangaza, "ni mtu wa mrengo wa kulia wa wastani."

Mama mmoja aliyeegemea kikapu chake akauliza, "Analia nini?"

"Si kulia hiyo, mama. Kulia ya mkono."

"Kwani mkono inamuuma?"

Watu wakacheka. Nikafafanua. Kadiri nilivyofafanua, ndivyo baba alivyozidi kutazama viatu vyake. Mpinzani wake, ambaye alikuwa ameng'oa migomba yote, alisimama akasema, "Mimi sina maneno mengi. Mizani iwe ya haki." Akaketi. Mikono ikainuliwa, akashinda.

Tulirudi pamoja hadi mtoni.

"Hiyo ya kulia walicheka tu, nimesamehe," baba alisema. "Lakini wastani? Wewe ulikuwa unaleta ripoti ya shule, mwalimu ameandika wastani. Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unanichapa, Tata."

"Ehe. Na leo umenipa wastani mbele ya watu."

Ningeweza kumwambia kwamba katika siasa neno hilo ni sifa. Lakini kwetu lilikuwa na makao mamoja tu, ripoti ya shule, na huko halikumsifu mtu.

Mwaka uliofuata aligombea tena. Asubuhi ya uchaguzi alinituma Nyansiongo nikamtazamie ng'ombe wa maziwa ambaye, kama nilivyogundua nilipofika, mmiliki wake hakuwa na nia ya kumuuza, na baba alilijua hilo. Nilitazama ng'ombe kwa makini. Baba akashinda.