Kuvua kwa Kutembea

Juzi wajukuu waliniletea samaki wa ziwani, migebuka mikavu, kutoka sokoni Mpanda. Mizuri tu. Nikala vipande viwili, nikaacha sahani, nikajifunga kanga nikashika njia ya mto Katuma, huku nyuma wanaulizana, "Bibi ana nini?" Sina kitu. Kiangazi kikikaribia kuisha, mawingu yakawa yanajikusanya bila kunyesha, kwangu mimi nyumbani hapakaliki. Wewe unanijua siku nyingi, ngoja nikwambie ni kwa nini.

Utotoni mwangu, miezi hii mto ulipungua lakini haukukauka. Yalibaki madimbwi, na kati ya dimbwi na dimbwi kulipita mkondo mdogo kwenye mawe, unavuka hata magoti hayaloi. Perege walijaa. Wanawake wengine walichota kwa vikapu, ila bibi yangu mzaa baba alivua kwa ndoano na ufito, na chambo chake kilikuwa panzi. Tuliwakamata asubuhi kwenye mabua ya mahindi, umande haujakauka, maana panzi akiloa haruki. Kwenye mshipi bibi hakufunga kitu cha kuuzamisha. Panzi alielea juu, anapigapiga miguu, na perege akapanda mwenyewe kumfuata. Chwa! Ule mlio wa mdomo wa samaki nausikia mpaka leo.

Sharti lilikuwa moja, kukaa. Dimbwini mna mamba, halafu kivuli cha mtu kikipita tu samaki wote wanazama. Mimi kukaa kulinishinda. Mara najikuna, mara nainuka kuwachungulia viboko kule chini.

"Mke mwenzangu, umekalia siafu?" bibi ananitania, mume mwenyewe ni babu. "Mume wetu leo atakula nini, hizo mbio zako?"

Nilikuwa naishi kwa bibi, na mwaka mmoja baba akasema, mvua ikinyesha anakuja kunichukua, anipeleke mjini kwa shangazi nikamlee mtoto. Kwa shangazi ni kushinda ndani ya ua, hutoki. Sikutaka. Nikamwomba bibi aniombee.

"Nimwambie nini baba yako? Hapa unanisaidia nini wewe?" akanijibu. "Vua perege kwa mkono wako, ndiyo nipate la kusema."

Basi nikawa nakaa. Kila siku nakaa, kila siku nainuka kabla samaki hajafika. Mpaka radi ikaanza kunguruma mbali, na kukaa kukanishinda kabisa. Nikachukua ufito, nikaacha dimbwi, nikashuka kwenye mkondo wa mawe, pale maji mafupi mamba hana pa kujificha. Nikamtupa panzi. Maji yakamchukua, nami namfuata kwa miguu.

"Rudi hapa! Samaki gani anavuliwa kwa mbio?" bibi anafoka.

Panzi akazunguka jiwe. Maji yakafumuka, ufito ukapinda. Perege mpana kama kiganja cha mwanaume!

Bibi hakunisifu. Alimpika kwa karanga, tukala na ugali wa muhogo, akafyonza mifupa yote. Tangu hapo kila siku nikawa natumwa mkondoni.

Mvua ikanyesha, baba akaja, baiskeli yote tope. Nikajificha nyuma ya kihenge cha mahindi. Akakaribishwa chakula, na bibi akaanza.

"Huyo mwache. Kukaa hajui, mtoto atamlea vipi? Hapa anavua."

Baba akacheka. "Mama, yule anavua au anacheza?"

"Hiyo mboga unayomeza kaitoa nani?"

Baba akamega tonge jingine. Kesho yake akarudi mjini peke yake.

Siku hizi, miezi hii, Katuma ni mchanga. Huko juu wamelima mpunga, maji wameyageuzia mashambani, na ng'ombe nao ni wengi. Viboko wanabanana kwenye tope. Perege hakuna, na hawa wajukuu zangu panzi wanamfukuza tu, hawajui kwamba alikuwa wa kazi. Juzi nimetembea katikati ya mto na kandambili zangu, kwenda na kurudi, zikatoka kavu.

Niliomba kubaki hapa, nikabaki. Mto ndio ulioondoka.