Walivyonitafutia Huzuni Nitunge Wimbo

Mjukuu wangu anafanya kazi hospitali pale Bariadi. Juzi kabana midomo kidaktari, akaniambia: "Bibi, ule ugonjwa wako wa zamani unaitwa sonona." Sonona! Jina zuri, ningempa ndama. Sisi tulisema tu, "Anatazama ukuta."

Na kweli nilikuwa nautazama. Mume yupo, ng'ombe wapo, mvua imenyesha, halafu mimi nimelala nimegeukia ukutani kama mtu aliyegombana na mlango. Ukiniuliza nina nini, sijui. Uji unapoa nauangalia. Hata nzi walinizoea.

Mimi nilikuwa ningi, mtunzi wa nyimbo wa kikundi chetu cha kulima na kucheza. Kalamu sijawahi kuishika, labda ya kumkunia mume wangu mgongo. Nyimbo nilizitunga kichwani. Pamba ikishauzwa, vikundi viwili vinacheza siku moja, uwanja mmoja, hawa huku na wale kule, na watu wanakimbilia wanakopenda. Ukibaki bila watazamaji, umekwisha. Mwaka ule wa ukuta, nilipoinuka nilitunga wimbo ukawaliza watu, kikundi cha Ipililo kikabaki kinawachezea mbuzi.

Basi watu wakaamua: huzuni ndiyo inayotunga. Hakuna aliyekumbuka kwamba pale ukutani sikutunga hata neno. Wimbo ulikuja baadaye, nimeshainuka, naanika michembe ya viazi huku nafukuza kuku. Hata mimi nilisahau. Ukiambiwa huzuni yako ina akili, utakataa? Nikawa natembea kwa madaha, nimeinamisha shingo kama bibi harusi.

Mwaka uliofuata nikawa mzima. Nikanenepa. Wimbo wowote uliokuja ulikuwa wa kubembelezea watoto.

Zilikuwa enzi za ruksa. Wanunuzi binafsi wameanza kuingia na malori yao kugombania pamba, na kiongozi wetu wa ngoma kapata kazi ya kuwanunulia. Akavaa koti la mitumba hadi magotini, akaanza kuongea kwa sauti nzito ya tumboni: "Mayu, mama yetu! Sasa hivi ni soko huria! Ipililo wameleta ningi mpya. Wewe unanenepa tu!"

Kesho yake akaja anahema, salamu kwanza: "Mwadila mayu. Pole sana. Ng'ombe wako mweusi kafa malishoni."

Nikatoka nalia. Ng'ombe mweusi huyo nyuma ya nyumba, anakula viazi vyangu na majani yake.

Hajaondoka vizuri, mama mmoja wa kwaya akasimama mlangoni, akaanza kuimba nyimbo za msiba, zote zinapitia puani. Nikamuuliza nani kafa.

"Hajafa mtu, mama. Tunakuandaa."

"Mnaniandaa niende wapi?"

"Utunge!"

Ningewafukuza, ila mjinga mkubwa kuliko wote alikuwa ndani ya gauni langu. Nikajiambia, wenzangu wanahangaika, na mimi nisaidie. Mchana kweupe nikaingia ndani, nikalala, nikageukia ukuta, nikaiita ile huzuni: "Njoo basi, nina haraka, ngoma iko karibu!"

Ikaja.

Nilidhani itakaa kama mgeni, inipe wimbo iende zake. Ikavua viatu. Nikawa kuku anayeatamia mawe huku anamlaumu jogoo. Sikula, sikuoga. Mwanangu mdogo akiniita hapo kando, namsikia kama yuko mbali kule Nyashimo. Safari hii niliogopa, maana kuinuka kwangu mara ya kwanza hakukuwa ujanja wangu. Sikujua nilipitia wapi, nitarudije? Kiongozi naye kila akipita anachungulia dirishani: "Vipi, imeanza kutoka?" Kama anaulizia ng'ombe anayezaa.

Aliyeingia ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mdomo wake pilipili. Hakusema pole. Alibeba furushi la pamba, akanimwagia kitandani, juu ya miguu.

"Macho tazamia ukuta wako. Mikono nipe mimi. Safi weka huku, fifi huku."

Fifi ni ile pamba chafu, yenye madoa, bei yake ya kusikitisha. Sikutaka, lakini mikono ya mkulima ikishika pamba haisubiri ruhusa. Nikachambua. Kesho akamwaga nyingine. Na kesho kutwa. Akawa ananiletea na uji, nikawa nakunywa kidogo ili aninyamazie.

Halafu siku moja akauliza, kama hana haja na jibu, "Hivi yule mwenye koti alisemaje ng'ombe alipokufa?"

Nikamjibu kwa sauti ile ile ya tumboni. Wifi akacheka mpaka akachanganya safi na fifi. Nikamwigia mama wa kwaya, puani. Nikajiiga na mimi: "Njoo basi, nina haraka!" Hapo nikacheka mwenyewe, mlio mbaya, kama pampu ya kisima iliyokaa kavu kiangazi kizima. Kabla furushi halijaisha, wimbo ulikuwa umeshakaa mdomoni:

*Ng'ombe wangu amekufa, anakula viazi,*
*Ningi wetu ana raha, mleteeni msiba!*

Siku ya ngoma, mpaka wapiga ngoma wa Ipililo waliacha ngoma zao wakaja kusikiliza. Kiongozi alicheza mbele kabisa, koti linapepea, anamuuliza kila mtu, "Hivi huyu mjinga ni nani?" Baadaye akanishika mkono: "Unaona, mayu? Huzuni imefanya kazi!"

Wifi akamwambia, "Kazi nimefanya mimi. Na pamba yenyewe umeinunua kwa bei ya fifi."

Ukuta ule bado upo, na kuna siku unaniita. Wifi naye kazeeka, macho hayaoni vizuri. Ila akisikia kimya changu kimezidi, anakuja anapapasa mlango, ananimwagia pamba miguuni. Siku hizi anachanganya safi na fifi bila hata kucheka, nami namgombeza, namgombeza, mpaka najikuta nimeshainuka, nimekaa.