Mwiko wa Fidla

Somo la vyombo vya okestra lilinigharimu mkungu mmoja wa ndizi, nauli ya pikipiki kutoka Buhembe mpaka shuleni Izigo na kurudi, na waya mmoja wa fidla. Mkungu ulikuwa na vichana tisa. Nilivihesabu nyumbani, nikavihesabu tena mlangoni kwa mwenye fidla.

Mwenye fidla ni mwalimu mstaafu, jirani yangu. Kila Jumapili anaipiga kanisani, na fidla nyingine mjini Bukoba siijui. Alitaka mikungu miwili.

"Waitu mzee," nikamsihi, "naazima, sinunui."

Tukashuka hadi mmoja, kwa sharti irudi siku hiyo hiyo, nzima. "Ikivunjika," akasema, "ndizi zako hazitaimba misa."

Darasani nilichora okestra ubaoni. Vyombo vyake vimegawanyika kwa familia, na mimi nikaona njia ya mkato: nikasema ni koo, kama zetu. Ukoo wa nyuzi, wa shaba, wa filimbi na zumari, wa vinavyopigwa. Ukiwatajia watoto wa Kihaya habari za koo, hawalali. Enanga ya babu zao waliiweka kwenye nyuzi bila kuniuliza. Kisha binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kila ukoo una omuziro wake. Sisi kwetu hatuli mbawala. Fidla mwiko wake nini?"

Ningesema vyombo havina mwiko, yangeishia hapo. Lakini swali lilikuwa zuri, nikaona aibu kulilipa jibu la bei rahisi.

"Maji," nikasema. "Hata tone."

Nikaitwa ofisini kusaini karatasi. Mvua ikashuka, na bati la darasa letu linavuja. Niliporudi mbio, meza ilikuwa tupu.

"Fidla iko wapi?"

"Tumeiokoa, mwalimu!" Darasa zima, kwa furaha.

Walikuwa wameipeleka jikoni kwa mpishi wa uji. Nikaikuta imekalishwa kwenye kigoda, imeelekezwa motoni, kama ngoma inayopashwa kabla ya harusi ili ngozi ikaze.

"Mgeni wako alikuwa analowa," mpishi akaniambia, akikoroga. "Nimempa kiti changu mwenyewe."

Nilipoinyakua, waya mwembamba ukakatika mkononi mwangu, na kile kibao kidogo kinachoinua nyuzi kikaanguka kifudifudi. Binti wa dawati la mbele alikuwa amenifuata.

"Mwalimu, ngoma si tunaipasha ndiyo ilie vizuri?"

"Ngoma ni ukoo mwingine!"

"Lakini moto hukuutaja."

Kweli sikuutaja. Nikainama kuokota kibao.

Njia nzima ya kurudi Buhembe nilitunga uongo wa aina tatu, na wote ulikuwa unanuka moshi, kama fidla yenyewe. Kwa hiyo nilipofika nilisema ukweli, pamoja na kigoda. Mzee aliinusa, akaigonga tumbo kwa ukucha, akapitisha kidole kwenye maungio yote, taratibu, na mimi nimesimama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Akasimamisha kibao, akakaza nyaya tatu zilizobaki, akapiga nusu ya wimbo wa kanisani. Sauti ikatoka ile ile.

Ndipo akacheka mpaka akatafuta leso. "Mawe, mama wee! Wameiotesha moto! Gundi haijaachia, mwalimu. Una bahati ya mwizi."

Nilikaa chini bila kukaribishwa.

"Jumapili hii nyaya tatu zitanitosha," akasema. "Wa nne utanilipa. Usiniletee ndizi."

Sijawahi kudaiwa nikafurahi namna ile. Tabu ni kuulipa. Nimezunguka maduka ya Bukoba mara mbili, na kitu cha karibu kabisa nilichooneshwa ni waya wa breki ya baiskeli. Basi wewe unayesoma, kama unajua unapouzwa waya wa fidla, ule mwembamba kuliko wote, naomba unielekeze. Na uniambie bei wanayouziana wenyeji.