Maji ya Kujaribia Bomba

Mume wangu alikuwa fundi wa mabomba ya maji machafu katika mji usio na maji safi. Nilipomwambia hivyo mara ya kwanza hakucheka. Alisema mabomba ni ya kesho, na kesho haimngoji mwenye ndoo. Wakati huo nilikuwa nauza muhogo wa kuchemsha kwa wachimba mtaro, na kesho sikuwa naikopesha. Hata hivyo nilimwongezea kipande.

Alitoka Masasi, upande wa Mkomaindo, mtoto wa watu wa misheni. Kwao maji hujificha chini ya majabali; mchimba kisima mwenye subira huyapata. Kwetu Newala mvua ikinyesha, mchanga huinywa yote na haushukuru. Maji tuliyafuata bondeni, kwa njia inayoteremka kama inakukimbia na kupanda kama inakudai. Wanawake walitoka alfajiri na mitungi na madebe, wakarudi jua limekwisha kuwa kali. Mwingereza, katika ile miaka yake ya mwisho ambayo hakujua kuwa ni ya mwisho, alikuwa ameahidi mashine ya kuyasukuma maji yapande yenyewe. Kabla mashine haijafika, zahanati mpya ikatangulia, na vyoo vyake vya kuvuta kwa mnyororo. Mama yangu alielezwa choo cha kuvuta ni kitu gani, akaomba aelezwe tena, kisha akasema, "Yaani mtu apande na maji kutoka bondeni, akakioshe kinyesi?"

Kazi ya mume wangu ilikuwa na sheria zake, na yeye alizipenda kama wenzake walivyopenda ngoma. Mtaro unyooke kwa uzi. Bomba ni la udongo wa kuchoma, mdomo wake mpana ukitazama kule maji yanakotoka, na kila kiungo kizibwe kwa kamba ya katani na saruji. Mahali bomba linapopinda pajengwe chemba, yaani shimo la matofali lenye mfuniko, ili mtu aweze kuchungulia ndani. Juu ya yote, mteremko. Ukiwa mdogo, uchafu unalala njiani. Ukiwa mkali, maji yanakimbia peke yake na kuuacha uchafu nyuma. Jioni alikuwa akinionyesha kwa kuinamisha sahani ya kisamvu, tui likitambaa polepole kuelekea upande wangu. "Hivi," alisema. "Lisikimbie, lisilale." Likinifikia nalichovya tonge, nalila. Alidai namharibia vipimo. Siku hizi nala kisamvu sahani ikiwa imekaa sawa, na sijui kwa nini kinachelewa kuisha.

Kwetu mwanamume akioa anahamia kwa mkewe, naye na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Kikiwepo cha kusema, kinapitia kwa binti. Basi kila jioni Mama alikuwa akileta kibuyu cha maji nyuma ya nyumba yetu, anakiweka juu ya jiwe, anakohoa, anaondoka. Mume wangu akishasikia kikohozi anahesabu kidogo, kisha anatoka kunawa vumbi la mtaro. Nilijua kila tone la kibuyu kile limepanda mlima kichwani kwa mwanamke asiye kijana. Yeye pia alijua. Alikuwa akinawa uso kwa kiganja kimoja tu.

Msimamizi wa kazi alikuwa ametoa neno: bomba likipita ukaguzi, fundi atabaki Newala kuwa mtunzaji wa vyoo vya zahanati. Likishindwa, ataondoka na kundi, na kituo kilichofuata kilikuwa Lindi. Nilitaka abaki. Msimu ule sikuwa na haja nyingine, na mimi ni mtu wa haja nyingi.

Bwana Afya alikuja kutoka Masasi kwa lori, mtu mpole, kaptura imepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Sheria yake ilikuwa fupi. Bomba lizibwe upande wa chini, lijazwe maji hadi yaonekane kwenye chemba ya juu, alama ipigwe kwa chaki yalipoishia, watu wasubiri. Maji yakibaki kwenye alama, bomba ni zima. Yakishuka, linavuja, na viungo vyote vifukuliwe. Wanawake waliitwa kuleta maji, Mama akiwa mbele yao. Wakamimina, mtungi baada ya mtungi, nyuso zao kama za watu wanaozika. Bwana Afya akapiga alama, akaenda kula. Wachimbaji wakaja kwangu kwenye muhogo.

Aliporudi, maji yalikuwa chini kabisa ya chaki.

"Linavuja," alisema.

Mume wangu aliingia mtaroni akakipapasa kila kiungo, akarudi mwanzo akavipapasa tena. Mchanga ulikuwa mkavu kama unga. "Bwana, halivuji."

"Maji yamekwenda wapi?"

"Sijui, Bwana."

"Mimi sina mahali pa kuandika sijui, fundi." Hakusema kwa ukali. Alimpa hadi kesho yake: ajaribu tena au aanze kufukua.

Jioni ile kikohozi kilikuja kama kawaida. Mume wangu alitoka, akanawa, akasukutua. Akanisogezea kibuyu. "Onja."

Nikaonja. Nikaonja tena, kwa sababu mara ya kwanza ulimi hupenda kudanganya. Ilikuwa saruji.

Nilimkuta Mama mlangoni kwake anachambua mbaazi.

"Mama, maji ya leo yametoka wapi?"

"Bondeni."

"Na kabla ya kufika hapa yalipita wapi?"

Aliutikisa ungo. "Yalikuwa yamesimama mle shimoni. Mtu hakuna. Tukasema labda wameyasahau."

"Mmechota wangapi?"

"Kwani mnatuhesabu kama mbuzi? Wote."

"Mama, yale yalikuwa ya kujaribia bomba."

"Si limekwisha kujaribiwa? Tumelikuta limejaa."

Mume wangu alikuwa amenifuata, amesimama upande wa pili wa ukuta. Mama alikijua kivuli chake, basi akapandisha sauti kidogo na kunitazama mimi. "Mwambie mkwe bomba lake zuri. Halikutoa hata tone mpaka tulipotia kata."

"Mwambie mama nashukuru," ukuta ukajibu. "Ila Bwana Afya hapimi kwa kata. Mwambie nayahitaji tena."

"Mwambie maji ya kwenda kumwagwa hayabebwi na mtu mwenye akili. Mwanzo tulikuwa wajinga. Sasa tumeshajua."

Nilikaa katikati yao nikitumwa maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameyasikia. Mwishowe nikaona hapa pana biashara. Nikasema: maji yatiwe bombani, yasimame muda wake, yakishapimwa kila mwanamke achote alichomimina aende nacho nyumbani.

"Na yatakayopungua?" Mama aliuliza. "Udongo unakunywa. Pungufu ni la nani?"

"La bomba."

"Bomba lina ukoo gani?"

"Basi ni la mkwe wako. Atalilipa kwa jembe, shambani kwako, akiwa hapa."

Mama aliupuliza ungo, maganda yakaruka. "Akiwa hapa," alisema. "Haya."

Kulipokucha nilimwahi Bwana Afya kabla hajafunga kamba za viatu. "Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Muhogo asubuhi yote hii?"

"Leo sina muhogo, nina swali. Sheria inasema maji yakishapima bomba yaende wapi?"

Alikaza kamba ya kiatu. "Haisemi."

"Basi hayana mwenyewe. Wanawake watayaleta kwa sharti wayachukue tena."

"Sawa. Lakini wakae mbali na chemba."

"Wakae karibu, Bwana. Wakikaa mbali kila mmoja atadhani mwenzake anachota."

Walikaa kuizunguka chemba, kila mtungi mbele ya mwenyewe, na sijapata kuona maji yakilindwa vile. Hata nzi hakutua. Bwana Afya alikwenda, akarudi, akainama. Maji yalikuwa yanagusa chaki. Alifuta miwani akainama tena, nikampenda kwa hilo. "Limepita," alisema.

Wanawake wakaanza kuchota kwa zamu, wakicheka sasa, wakisutana nani alimimina debe na nani alimimina nusu debe. Nilikuwa nasimamia ugawaji, kwa hiyo niliyasikia ya nyuma yangu kwa sikio moja. Bwana Afya alikuwa akimwambia mume wangu kuwa kule Lindi mabomba ni marefu, na yale yanavuja kwelikweli. Fundi wa namna hii, alisema, hawezi kuachwa alinde vyoo ambavyo bado havina maji. Yeye mwenyewe atamwomba msimamizi ampeleke huko.

Nilikuwa nimehakikisha kila mtungi. Bomba likishindwa, Lindi. Bomba likipita, Lindi. Tofauti ni kwamba sasa alikwenda kwa heshima, amekaa mbele na dereva.

Alirudi mara moja, msimu wa korosho, akalima shamba la Mama kulipa lile pungufu, hadi kwenye mpaka. Akaondoka tena. Aliniita nimfuate, na akaniita tena. Kwetu mwanamke hahami kwao, watu walinikumbusha, lakini hilo ningeweza kulipatana. Shida ilikuwa Mama: alikuwa anazeeka, wala si kwa bei nafuu, na hakukuwa na mwingine wa kumpandishia maji. Baadaye wapita njia wakaleta salamu zake. Kisha wakaleta salamu zao wenyewe.

Mashine ilifika, maji yakapanda yenyewe hadi kwenye gati, kituo cha kuchotea, karibu na boma, vyoo vya zahanati vikaanza kuvutwa. Nilikwenda kusikiliza kwenye chemba ya juu. Maji yalipita chini ya mfuniko taratibu. Hayakukimbia, hayakulala.

Mama hakuacha. Kila jioni, hata miaka ile ya kupanga foleni kwenye gati, alileta kibuyu nyuma ya nyumba yangu, akakiweka juu ya jiwe, akakohoa. Siku moja nilishindwa, nikatoka kabla hajaondoka.

"Mama, hayupo."

"Najua." Alikuwa amegeuzia uso pembeni, kama inavyompasa mtu aliye karibu na mkwewe. "Mwambie maji yapo."

Nikazunguka ukuta nikasimama pale alipokuwa akisimama mume wangu. Nikasema maji yapo. Kisha nikanawa uso, kwa kiganja kimoja.